Unanunua gari mpya ndogo? Hivi ndivyo uchague gredi na aina ya gia

Watu wengi wakishaamua kununua gari mpya kabisa, zero kilomita, siyo ile ya kuagiza Japan iliyotumika, nguvu zote zinaishia kwenye modeli na rangi. Swift au Starlet, nyeupe au silva. Wakifika shorumu dada wa mauzo anauliza unataka GA, GL au GLX (hizo ndo gredi, yaani ngazi za vifaa vya gari), manyuali au otomatiki, na hapo uamuzi wa mamilioni unafanyika ndani ya dakika tano, mara nyingi kwa kuangalia ipi ipo tayari stoo. Inaniuma kwa sababu rangi unaweza kubadili, redio unaweza kubadili, hata siti unaweza kuvisha upya, lakini giaboksi na eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka ajali ikitokea) ulizonunua siku ile ndo hizohizo utakaa nazo mpaka unaiuza.

Msimamo wangu ni huu na mwongozo wote umejengwa hapo: gredi ichague kwa kuangalia vitu ambavyo huwezi kuja kuvifunga mwenyewe baadaye, na gia ichague kwa kuangalia barabara unayopita kila siku pamoja na fundi atakayeigusa waranti ikishaisha. Vingine vyote ni mapambo.

Magari ninayoyaongelea hapa ni yale madogo ya bei nafuu yanayouzwa mapya huku kwetu: Suzuki Alto, S-Presso, Celerio na Swift, Toyota Starlet ya sasa (ambayo kimsingi ni Suzuki Baleno, inatengenezwa Gujarat kule India halafu inabandikwa nembo ya Toyota), na kwa ndugu zetu wa Kenya kuna Polo Vivo iliyoanza kuunganishwa Thika mwishoni mwa 2016, pamoja na Proton Saga. Kama yako haipo hapo usijali, njia ya kufikiri ni ileile.

Hatua ya 1: Jua tofauti ya gredi inakugharimu nini kweli

Bei ya kwenye bango siyo bei ya gari ikiwa imepaki nyumbani kwako. Uliza bei ikiwa na namba, kadi na bima, na uiulize kwa kila gredi peke yake, siyo kwa modeli tu, maana ukiuliza kwa modeli utapewa ya gredi ya chini kabisa halafu utaonyeshwa ya juu.

Kama unanunua kwa mkopo hapa ndo pa kukaa na kikokotoo. Tuseme gredi ya chini na ya juu zimepishana milioni 3, na benki inakupa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, salio linalopungua, miaka 4. Hiyo milioni 3 peke yake inakuongezea rejesho la kama 88,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza umeilipia zaidi ya milioni 4.2. Kwa hiyo ukiambiwa "ongeza kidogo tu upate yenye skrini na rimu za spoti", jibu lako liwe swali moja, hizo rimu na skrini Kariakoo ni shilingi ngapi. Bima kubwa nayo inakokotolewa kwa thamani ya gari, na benki haikukopeshi bila bima kubwa, kwa hiyo kila kilichoongeza bei kinaongeza na bima kila mwaka.

Kuna kitu kingine watu wanakisahau. Tanzania ushuru wa bidhaa kwa gari isiyozidi cc 1,000 ni sifuri na kuanzia cc 1,001 mpaka 2,000 ni asilimia 5. Kwenye gari mpya ushuru huo umeshaingizwa ndani ya bei ya shorumu, na ni sababu mojawapo ya hizi injini za cc 998 kuonekana za bei nzuri ukizilinganisha na za 1,200. Siyo kwamba moja ni mbovu.

Hatua ya 2: Andika barabara zako kabla hujaangalia gari yoyote

Chukua karatasi kabisa. Unatoka wapi unaenda wapi kila siku, foleni ni ya muda gani, kuna kilima au hakuna, lami inaishia wapi, gari inabeba watu wangapi, nani mwingine ataendesha, na mara ngapi kwa mwaka unaenda kijijini.

Mtu wa Kimara anayeshuka Morogoro Road kila asubuhi na mtu wa Goba anayepanda vilima vya vumbi kuingia kwake hawahitaji gari moja hata kama mshahara ni mmoja. Na mtu wa Mbeya au Iringa ana jambo lake jingine kabisa ambalo muuzaji wa Dar hatakwambia, nalo ni mwinuko. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inapungua. S-Presso ya cc 998 ina nguvu farasi kama 66, Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kwa hiyo ukifika kule umebaki na farasi 55 hivi, sasa washa AC, weka watu wanne na gunia la viazi kwenye buti uone. Gari ileile uliyoijaribu Masaki ikakupendeza inakuwa gari nyingine. Arusha na Nairobi nako ni hivyohivyo. Kwa mtu wa nyanda za juu mimi napendekeza aanzie injini ya 1.2 kwenda juu, na kama pesa inabana, basi achukue ndogo lakini ya manyuali ili gia aiamue mwenyewe.

Kuhusu nani ataendesha: kama mama watoto au kijana wako amejifunzia otomatiki tu, hilo ni jambo la kuamua gari, siyo dogo. Na Kenya leseni ya daraja B1 ni ya gari za otomatiki pekee, kwa hiyo mwenye B1 hawezi kushika manyuali kihalali.

Hatua ya 3: Chagua gia

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye makosa mengi. Neno otomatiki linaficha vitu vitatu tofauti kabisa, na muuzaji akisema "hii ni auto" hajakwambia chochote bado.

*Manyuali.* Gia tano za mkono, klachi chini ya mguu. Ndo rahisi kununua, ndo rahisi kutengeneza, na kila fundi kuanzia Gerezani mpaka Sumbawanga anaijua. Kinachoisha ni klachi, na klachi inaisha kwa tabia ya dereva zaidi kuliko kwa kilomita, mtu anayepumzisha mguu juu ya pedali ataimaliza mapema, anayejua ataenda nayo kilomita 100,000 na zaidi. Betri ikifa unasukumwa unawaka. Kwenye mlima mrefu kama Kitonga, au ule wa kutoka Mombo kupanda Lushoto, wewe ndo unaamua gia ipi, na wakati wa kushuka unaweka gia ya pili injini inakushikilia, breki hazichemki. Shida yake ni moja na ni kubwa: foleni. Masaa mawili kila siku ya kukanyaga na kuachia klachi ni kazi ya goti, na watu wenye matatizo ya goti au mgongo wasijidanganye kwamba watazoea.

*AGS, wengine wanaita AMT.* Hii ndo ipo kwenye Alto, S-Presso na Celerio ukisema unataka otomatiki. Ni giaboksi ileile ya manyuali, na klachi ileile, isipokuwa kuna mitambo inayosukuma klachi na kubadili gia badala ya mguu na mkono wako. Utaitambua kirahisi, angalia leva ya gia, kama kuna R, N, D na M lakini hakuna P, hiyo ni AGS. Kupaki unaiacha kwenye gia, unazima, unavuta hendibreki.

Uzuri wake ni bei, inaongeza pesa kidogo tu juu ya manyuali, na mafuta inakula sawa na manyuali au hata pungufu kidogo. Kwa vipimo rasmi vya India S-Presso ya manyuali ilipewa kilomita 24.76 kwa lita na ya AGS 25.30. Usitegemee kuziona namba hizo kwenye foleni ya Ubungo ukiwa na AC, hivyo ni vipimo vya maabara, lakini uwiano kati yao unakuonyesha kwamba AGS haili wese zaidi.

Ubaya wake uko sehemu tatu. Kwanza wakati wa kubadili gia gari inasita kidogo, kama mtu anameza mate, na ukikanyaga mafuta ghafla kulipita lori kuna sekunde inapita kabla hujapata nguvu, kwa hiyo kwenye kulipita lori weka M mapema ushushe gia mwenyewe kabla hujatoka upande wako. Pili, klachi ipo. Ukisimama kwenye kilima halafu ukaishikilia gari kwa mafuta badala ya breki, ndani kule klachi inaungua na wewe hujui kwa sababu mguu wako hauigusi. Na kwenye foleni ukisogea nusu mita nusu mita ni hivyohivyo, bora uache nafasi mbele halafu usogee mara moja. Tatu, na hili ndo kubwa, siku ya kubadili klachi ya AGS haitoshi kufunga tu, lazima mashine ya kusoma kompyuta ya gari iunganishwe ili kompyuta ya gia ijifunze upya klachi mpya inashika wapi. Fundi wa mtaani akifunga bila hilo gari inaanza kuruka na kugoma kuingia gia, mnaanza kulaumiana. Kwa hiyo kabla hujanunua AGS uliza, mkoa wangu kuna gereji yenye mashine hiyo? Kama jibu ni "utakuja Dar", na wewe unaishi Songea, chukua manyuali.

*CVT.* Hii haina gia za kupanda ngazi, ina mkanda wa chuma na puli mbili zinazobadilika ukubwa. Kwenye Swift kwa mfano kuna masoko ambayo otomatiki yake ni CVT. Kwa foleni ni raha, haisiti, haishtuki, na mafuta inakula vizuri. Wengi huku tunaijua kutoka kwenye Vitz na Fit za Japan, na sifa mbaya iliyonayo kwa kiasi kikubwa imetokana na oili. CVT inataka oili yake maalumu, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo oili ya otomatiki ya kawaida hata kama rangi zinafanana. Ukiweka isiyo yake mkanda unateleza kwenye puli, vinachubuana, basi, giaboksi imekwisha, na hakuna fundi wa kuifufua kirahisi, unatafuta nyingine. Kama unanunua CVT jiwekee ahadi ya kubadili oili yake kila kilomita 40,000 hivi kwa joto na foleni za huku, hata kama mtu anakwambia oili ile ni ya maisha. Na gari ikizima njiani usikubali ivutwe kwa kamba umbali mrefu huku matairi ya mbele yanazunguka, inyanyuliwe mbele au ipande juu ya gari la kubebea.

*Otomatiki ya kawaida, ile yenye toki konveta, inayopeleka nguvu kwa oili badala ya klachi ya kukanyaga.* Starlet inakuja na hii ya gia 4, Proton Saga ile iliyoboreshwa 2019 nayo ina gia 4, Polo Vivo ya otomatiki ina gia 6. Gia 4 mwaka huu inaonekana ya kizamani na ukweli ni kwamba ukifika kilomita 100 kwa saa injini inalia zaidi na mafuta yanaenda zaidi kuliko manyuali. Lakini hii ndo teknolojia ambayo mafundi wetu wameishika miaka mingi, ni ngumu, inavumilia foleni na joto, na kilimani inasogea taratibu bila kuunguza kitu. Kwa mtu wa Dar anayekaa na gari miaka kumi mimi ningechagua hii kuliko zote, hata na ulaji wake.

Huo ulaji upige hesabu mwenyewe. Ukiendesha kilomita 1,500 kwa mwezi, tofauti ya lita moja kwa kila kilomita 100 ni lita 15 kwa mwezi, zidisha kwa bei ya mafuta ya EWURA ya mwezi huo. Kwa wengi haifiki gharama ya giaboksi moja kuharibika. Kwa dereva wa Bolt anayeenda kilomita 5,000 kwa mwezi ni lita 50, hapo hesabu inabadilika na manyuali inaanza kuwa na maana, kama goti linaruhusu.

Kuhusu kuuza baadaye: mjini otomatiki inatoka haraka kwa sababu wanunuzi wengi wamezoea magari ya Japan ambayo karibu yote ni otomatiki. Manyuali ndogo inapata mteja mikoani na kwa watu wa biashara, ila atakusumbua bei. AGS iliyotumika watu bado wanaiogopa, kwa hiyo ukiichukua jiandae kukaa nayo au kuuza kwa mtu anayeelewa.

Hatua ya 4: Chagua gredi

Majina yasikuchanganye. Suzuki wanatumia GA, GL, GLX, Starlet utakuta Xi, Xs, Xr, Vivo za miaka ya nyuma zilikuwa Trendline, Comfortline, Highline. Ngazi ni ileile, ya chini, ya kati, ya juu, na injini mara nyingi ni moja kwa gredi zote.

Anza na vitu ambavyo vinafungwa kiwandani tu. Eabegi ngapi. ABS, mfumo wa kuzuia matairi kujifunga ukikanyaga breki ghafla, ipo? Mfumo wa kuzuia gari kuteleza, unaoandikwa ESC au ESP, upo? Mkanda wa siti ya nyuma katikati ni wa kupita begani au wa kiunoni tu? Kuna vishikizo vya kufungia kiti cha mtoto, vile vinavyoandikwa ISOFIX? Siti za nyuma zina vya kuegemezea kichwa? Hivi hakuna fundi duniani atakufungia baadaye vikafanya kazi inavyotakiwa. Kama gredi ya chini haina ABS na eabegi mbili za mbele, hiyo gredi kwangu haipo, iruke, hata kama pesa yako inaishia hapo bora urudi ukae miezi sita uongeze. Na kama kupata ESC inabidi upande ngazi moja, panda. Hiyo ndo pesa pekee ya gredi ambayo nitakwambia uitoe bila kufikiri mara mbili, kwa sababu mvua ikinyesha barabara ya Chalinze na lori likakufunga ghafla mbele yako, skrini haitakusaidia.

Mfano unaonisukuma kusema hivi: mwaka 2020 Global NCAP waligongesha S-Presso ya soko la India iliyokuwa na eabegi ya dereva peke yake, ikapata nyota sifuri. Baadaye ile iliyoandaliwa kwa soko la Afrika Kusini, ikiwa na eabegi mbili, ikapata nyota 3 kwa usalama wa watu wazima kwa vipimo vya wakati huo. Jina moja, umbo moja, tofauti ni vilivyowekwa ndani.

Kundi la pili ni vitu ambavyo kuvifunga baadaye inawezekana ila ni ghali au vinakaa vibaya. AC ndo ya kwanza. Kuna Alto 800 za gredi ya chini zilizouzwa India bila AC na bila pawa stelingi, na gari za namna hiyo bei yake inavutia sana ukiiona, lakini kufunga AC kwenye gari isiyokuja nayo ni kompresa, kondensa, mabomba, waya, feni, na bado injini haikupangwa kubeba mzigo huo. Pawa stelingi hivyohivyo. Waipa ya kioo cha nyuma kwa barabara za vumbi na matope ni kitu cha maana kuliko watu wanavyodhani, gari ya umbo la hachibeki inajirushia uchafu yenyewe kwenye kioo cha nyuma. Siti ya dereva inayopanda na kushuka, kama wewe na mwenzio mnapishana urefu. Siti ya nyuma inayolala nusu, kama unabeba mizigo. Vitu hivi viwili vitatu vikiwa gredi ya kati, gredi ya kati inajilipa.

Kundi la tatu ni la kuongeza mwenyewe, na hapa ndo gredi ya juu inapokulia pesa. Skrini, kamera ya nyuma, sensa za kupakia, rimu za spoti, taa za ukungu, alamu, senta loki, karpeti, kava za siti, tinti. Vyote vinapatikana, vyote vinafungwa siku moja. Tahadhari moja tu, uliza waranti inasemaje kuhusu kukata waya, maana fundi wa redio akikata waya wa kiwandani akaunganisha kwa kuzungushia selotepu, siku umeme ukisumbua watakukatalia. Mwambie atumie soketi za kuchomeka bila kukata.

Na hizo rimu kubwa nataka nizizungumzie kidogo. Baleno, na ndugu yake Starlet, gredi zinapishana kwa tairi: 185/65 R15 kwa za chini na 195/55 R16 kwa za juu. Piga hesabu ya ukuta wa tairi, 185 mara asilimia 65 ni milimita 120, 195 mara asilimia 55 ni milimita 107. Kwa hiyo gredi ya juu ina mpira pungufu kati ya shimo na rimu, na kimo kizima cha tairi ni kilekile kama sentimita 62, maana yake gari haijapanda hata kidogo kutoka ardhini. Umelipa zaidi ili rimu ipinde kirahisi zaidi na tairi likukamue zaidi siku ya kununua jingine. Kwa barabara zetu gredi yenye rimu ndogo za chuma ndo imevaa viatu sahihi. Angalia pia tairi la spea, ni la ukubwa kamili au lile jembamba la kuendea mwendo wa pole? Kama unasafiri Dar mpaka Mwanza unataka la ukubwa kamili, na uhakikishe linaenea kwenye buti.

Hatua ya 5: Angalia gia na gredi zinavyofungwa pamoja

Mara nyingi huwezi kuchagua moja bila kusukumwa kwenye nyingine. India S-Presso ya AGS imekuwa ikiuzwa kwa gredi za juu tu, ya chini ni manyuali basi. Polo Vivo ya 1.4 ni manyuali, ukitaka otomatiki unapelekwa kwenye injini ya 1.6, kwa hiyo unalipia injini, gia na gredi kwa mkupuo. Hapa ndo yale uliyoandika hatua ya pili yanakusaidia. Kama gia ndo kitu chako cha lazima, angalia kama otomatiki ya gredi ya kati ya gari ndogo inafikia bei ya manyuali ya gari kubwa kidogo, na usione aibu kushuka modeli ili upate gia unayoihitaji. Celerio ya otomatiki yenye usalama kamili kwa mtu wa Mbagala ina faida kuliko Swift ya manyuali gredi ya juu anayoiendesha akiwa amenuna kila siku.

Kosa jingine ni kuangalia video za India au za Afrika Kusini halafu unaamini gari ya hapa ipo vile. Vifaa vinapishana nchi kwa nchi kwa jina lilelile. Omba karatasi ya vifaa ya soko la hapa, iliyochapishwa, halafu nenda na ile karatasi kwenye gari yenyewe, fungua mlango, hakikisha kimoja kimoja. Eabegi utaona neno lake limechapwa kwenye usukani na juu ya dashibodi upande wa abiria. ESC utaona kitufe au taa yake ikiwaka unapowasha swichi.

Hatua ya 6: Ijaribu kwa namna inayoonyesha ukweli

Mzunguko wa kuzunguka shorumu hauna maana. Nenda na watu watatu, washa AC, tafuta kilima. Simama katikati ya kilima, achia breki, anza kwenda. Halafu rudi nyuma kwa kupanda, hapa AGS nyingi zinajionyesha, kama inatetemeka na kusita utaiona. Pita kwenye matuta polepole ukisikiliza kama inabadilibadili gia bila sababu. Barabara ikiwa wazi na salama kanyaga kutoka 50 kwenda 80 uone inachukua muda gani kupata nguvu. Kaa siti ya nyuma pia, kwa dakika kumi, ndo utajua watoto watapata nini. Na jaribu gia zote mbili siku moja, manyuali na otomatiki za modeli hiyohiyo, ukijaribu moja leo na nyingine wiki ijayo hutakumbuka tofauti.

Uvungu nao uangalie. S-Presso ina milimita 180 kutoka ardhini ikiwa tupu, Celerio 170, Swift iko chini zaidi. Ikipakia watu inashuka, kwa hiyo kama njia ya kwako ina mfereji, peleka gari mpaka kwako kabla hujalipa. Wakikataa, mpeleke muuzaji mwenyewe akaione njia.

Hatua ya 7: Profoma na siku ya kupokea

Kila ulichokubaliana kiwe kwenye profoma, yaani ankara ya awali: modeli, gredi kwa jina lake kamili, aina ya gia, rangi, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi, na vitu vya nyongeza. Mwaka wa kutengenezwa usiachwe, gari mpya inaweza kuwa imekaa yadi muda mrefu, na ikikaa betri na matairi vinazeeka hata bila kutembea. Kwenye tairi kuna namba nne za mwisho baada ya neno DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Zikiwa za zamani kuliko ulivyoambiwa, hapo una haki ya kuomba bei ishuke au upewe nyingine. Chesisi nayo inasema ilikotoka, zinazoanza na MA mpaka ME ni za India, J ni Japan, za Afrika Kusini zinaanza na AA mpaka AH.

Uliza waranti inahesabu giaboksi nzima au inaacha klachi nje, kwa sababu kwa AGS hilo ni suala la pesa nyingi, na uliza sevisi za kulinda waranti zinafanyika mkoa gani. Kama ni otomatiki ya aina yoyote omba waandike jina kamili la oili ya gia kwenye karatasi ya sevisi, ubandike nakala ndani ya boneti, hata fundi mwingine akiifungua miaka minne baadaye asibahatishe.

Kilomita 1,000 za mwanzo usikimbilie safari ndefu ya mwendo mmoja, badilisha mwendo, usikanyage mpaka chini, usivute kitu, na sevisi ya kwanza hata kama ni ya kuangalia tu usiiruke, ndo inayofungua kitabu chako cha waranti. Kwa wenye AGS tumia hizo kilomita kujifunza kuachia mafuta kidogo pale unaposikia inataka kubadili gia, kule kusita kunapungua sana na klachi inakaa muda mrefu.